Wakwe wa Ujerumani wanakuja Krismasi, binti yangu anasema nisiwapokee

Shangazi, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kimara. Mume wangu ni mstaafu na mzee wa kanisa katika usharika wetu wa KKKT. Asili yetu ni Marangu, na kama unavyotujua sisi watu wa kule, Desemba ikifika hatubaki Dar.

Binti yangu wa pili ni muuguzi. Yuko Ujerumani, jimbo la Sachsen, mji mdogo si mbali na Dresden, na ameolewa huko huko. Ndoa ya kanisa tulifungia hapa Dar mwaka 2019 na wazazi wa mume wakaja. Shangazi, wale wazee walitushangaza. Tulitegemea Wazungu wa kukaa pembeni na chupa ya maji. Yule baba alipopewa kisu cha kukatia ndafu, alikata bila kusita, akamlisha mume wangu, akalishwa na yeye, ukumbi mzima vigelegele. Kesho yake akataka apelekwe Feri kuona mnada wa samaki. Akaingia kwenye mnada na yeye, anapandisha bei ya kolekole kwa vidole huku hajui ni shilingi ngapi! Tunamwita Opa, na mkewe Oma, kama mjukuu anavyowaita. Lugha yao hatuijui, wao yetu hawaijui, siku zote binti ndiye amekuwa mkalimani wetu.

Na si mtu wa sherehe tu. Mume wangu alipofanyiwa upasuaji, Opa alituma fedha bila kuombwa. Kitanda cha mjukuu alikiranda mwenyewe. Sasa mtu wa namna hiyo unaambiwa ni mbaguzi, unaanzia wapi kuamini?

Binti anasema Opa amekuwa shabiki wa chama kinachoitwa AfD, kile cha kupinga wageni. Siku ya kuzaliwa kwa Oma, majirani wakiwa mezani, Opa alikuwa akilalamika kuhusu Wasyria, akasema warudishwe wote, wao na watoto wao. Mjukuu wangu ana miaka mitano. Kwenye gari wakirudi nyumbani akauliza, “Mama, mimi na wewe tutarudishwa lini?”

Binti akamwambia mumewe. Mumewe akasema, baba hakuwamaanisha ninyi. Binti akamfuata Opa mwenyewe. Opa akacheka, akamwambia, “Wewe si kama wale, wewe unafanya kazi.” Baada ya hapo Opa akaichukua ile picha ya ndafu, mimi na mume wangu na yeye katikati kavaa kitenge, akaiweka Facebook chini ya habari ya chama chake. Akaandika kwamba hii ndiyo familia yake ya Afrika, sasa nani amwite mbaguzi. Ndugu zetu huku, Kijerumani hawakijui, wakaona picha ya harusi, wakabonyeza moyo. Binti akanipigia akilia: “Mama, mmetumika.”

Tangu hapo haendi kwa wakwe. Na sasa Opa na Oma wamekata tiketi, wanakuja Desemba, wanataka twende nao Marangu. Binti amesema Opa akiwepo Marangu, yeye na mtoto hawaji. Mjukuu huyo nimemshika mara moja tu, akiwa bado anatambaa.

Mume wangu anasema mgeni harudishwi mlangoni, na kwamba Wajerumani ndio waliotuletea Injili. Mdogo wangu wa kiume, mwenye duka Kariakoo, ameandika kwenye grupu la ukoo: “Kila nchi ina wenyewe. Sisi hapa tunawalalamikia Wachina, wao wakilalamikia wageni tunalia?” Watu wakacheka. Binti akajitoa kwenye grupu.

Nami nikuambie ukweli, moyoni najiuliza kama mwanangu hajawa Mzungu kuliko Wazungu wenyewe. Kila neno linamchoma. Sisi tulifundwa kuwavumilia wakwe. Nifanyeje? Niwapokee, au niwakatae watu ambao hawajanikosea chochote?

Mama wa Kimara, Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Dada yangu, pole. Umeniuliza kuhusu ugeni wa Desemba, lakini mimi naanza na ile picha.

Wewe ukiiangalia unaona harusi. Binti yako akiiangalia anaona wazazi wake wamesimamishwa kama mashahidi kwenye kesi wasiyoijua, upande wa mtu anayetaka watu wa rangi yao waondoke. Opa hakuiweka kwa sababu amewakumbuka. Angewakumbuka angepiga simu. Aliiweka ili mtu akimwambia “mzee, hayo unayosema ni ubaguzi”, awe na jibu mkononi: mimi nina wakwe Waafrika, nimelishana nao mbuzi. Na jibu hilo linamziba mdomo mkamwana wake kuliko mtu mwingine yeyote. Akilalamika, anaonyeshwa mama yake mzazi akicheka pembeni ya mlalamikiwa. Ndiyo maana alilia. Na ndiyo maana haombi uwachukie wakwe. Soma tena ulichoandika, hakuna mahali amesema hivyo. Anachoomba ni usimpe Opa picha ya pili. Ugeni huo ukienda kama ulivyopangwa, bila neno kusemwa, picha ya pili itakuwa Opa Marangu na kata ya mbege mkononi, mlima nyuma yake.

Hapo kwenye “Mzungu kuliko Wazungu” nakupinga kabisa. Tulifundwa kuvumilia, ni kweli. Mama mkwe akisema wali wako umevunda, unavumilia. Wifi akihesabu vitenge vyako, unavumilia. Hakuna somo aliyewahi kumfunda mwali kwamba baba mkwe akitaka watoto wa wageni wafukuzwe nchini, mwanao akiwa amekaa hapo anasikiliza, wewe uendelee kukata keki.

Wasomaji wengine watasema siasa zisivunje undugu, mbona hapa kwetu nyumba moja ina wa CCM na wa upinzani na bado wanazikana. Hoja hiyo naijua. Lakini mbishano wa hapa ni nani atawale. Mbishano wa mezani kwa Opa ni nani ahesabiwe mtu wa pale, na mjukuu wako ni mmoja wa wanaohesabiwa.

Nikueleze kidogo, maana ni vizuri ujue binti yako anaishi katikati ya nini. Hicho chama kilianzishwa mwaka 2013, na mwanzoni kelele zake zilikuwa ni sarafu ya yuro. Mwaka 2015 wakimbizi walipoingia Ujerumani kwa wingi, hasa kutoka Syria, kikahamia kwenye wageni, na huko ndiko kilikonenepea. Septemba 2024 kilipata asilimia 30.6 ya kura za bunge la jimbo la Sachsen, na katika jimbo jirani la Thüringen kikashika namba moja kwa asilimia 32.8. Februari 2025 kikawa cha pili nchi nzima kwa asilimia 20.8. Idara ya usalama ya jimbo hilo hilo la Sachsen, tangu Desemba 2023, imeliweka tawi la chama hicho pale jimboni kwenye kundi la mrengo mkali wa kulia uliothibitishwa. Sasa fikiria binti yako kwenye basi la alfajiri akienda zamu, anatazama abiria wenzake. Katika kila watatu waliopiga kura ile ya Septemba, karibu mmoja alikichagua hicho.

Na hayo ya “warudishwe” Opa hakuyaota usingizini. Januari 2024 waandishi wa Correctiv walifichua mkutano wa faragha uliofanyika hotelini karibu na Potsdam, wanasiasa wa AfD wakiwemo, ambako kuwaondoa kwa wingi watu wenye asili ya kigeni kulijadiliwa. Watu mamia ya maelfu waliingia barabarani kuandamana. Mwaka mmoja baadaye, kwenye mkutano wa chama mjini Riesa, Sachsen hiyo hiyo, mgombea wao Alice Weidel aliisema sera hiyo jukwaani waziwazi akashangiliwa. Katika kampeni hizo hizo, tawi lao la Karlsruhe lilisambaza vipeperushi vilivyochapwa kama tiketi ya ndege ya kuondoka Ujerumani, na mahali pa jina la abiria pameandikwa mhamiaji haramu. Chama hujitetea kwamba kinazungumzia wasio na vibali tu. Mtoto wa miaka mitano hasomi vibali, dada. Anasoma sura ya mama yake, kisha anajiangalia mikono.

Sitaki umfanye Opa shetani. Aliyeranda kitanda cha mjukuu ni yeye, na aliyesema warudishwe ni yeye. Wazee wa mashariki ya Ujerumani wameonja mengi: baada ya muungano wa 1990 viwanda vyao vilifungwa kwa mkupuo, watu wa makamo wakabaki nyumbani, vijana wakakimbilia magharibi. Mtu akishawekwa pembeni namna hiyo, mwanasiasa wa kumwonyesha kidole mgeni hapati shida kumpata. Namwelewa. Lakini waliofunga viwanda vile si Wasyria, wala si binti yako anayewageuza wazee wa Sachsen vitandani usiku wasipate vidonda.

Sasa hilo neno lake, “wewe si kama wale.” Opa anadhani amemsifu. Amempa kibali, na aliyetoa kibali anaweza kukichukua. Leo ni mzuri kwa sababu anafanya kazi. Akiugua mgongo, kama wauguzi wengi wanavyougua, atakuwa kama nani? Na mtoto je? Siku moja atakuwa kijana wa miaka kumi na saba, mrefu, ana nywele za kwao Marangu, anasubiri treni usiku kwenye stesheni ya Dresden, na kuna kundi la wanaume wamekunywa. Hapo nani atawaambia kwamba huyu si kama wale, huyu ni wa Opa?

Mumeo nina neno naye, kwa heshima zote za mzee wa kanisa. Yuko sahihi kuhusu Injili: Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Leipzig ni mji wa Sachsen hiyo hiyo alikoolewa binti yake. Lakini serikali ya Kijerumani ndiyo iliyomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, Machi 1900, na ukoo wake umehangaika miaka na miaka kulitafuta fuvu lake linaloaminika lilipelekwa Ujerumani. Mjerumani ni huyo aliyenyonga, na Mjerumani ni Rais Steinmeier aliyekwenda Songea Novemba 2023 kuomba msamaha kwa yaliyofanyika wakati wa Maji Maji. Hakuna “Wajerumani” wa jumla tunaodaiwa shukrani ya jumla. Na kama anataka kauli ya kanisa, Februari 2024 maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani walitamka kwa kauli moja kwamba utaifa wa kuangalia damu hauendani na Ukristo, na kwamba chama cha namna hiyo si cha Mkristo kukichagua. Uongozi wa kanisa la Kiinjili nao ukasimama upande huo. Mzee wa kanisa wa Kimara hatakuwa peke yake.

Kuhusu mgeni kutorudishwa mlangoni, Opa bado hajafika mlangoni. Muda wa kuongea upo. Anayefungiwa mlango mpaka sasa ni mtoto wenu.

Basi zungumzeni naye kabla hajapanda ndege, na hapa kuna jambo ambalo naogopa mtalifanya kwa mazoea. Umesema binti ndiye mkalimani wenu siku zote. Safari hii asiwe yeye. Mnataka awatafsirie maneno yanayomhusu yeye, amtafsirie na baba mkwe akijitetea, halafu kila upande umlaumu kwamba hakufikisha vizuri? Asiwe mumewe pia, atalainisha kila kitu njiani. Ndani ya KKKT hamkosi mchungaji aliyesoma Ujerumani. Mwombeni saa moja. Asipopatikana, nenda Goethe-Institut pale Upanga, wanakofundisha Kijerumani, uliza mtu wa kutafsiri, mlipe muda wake. Kaeni wewe na mumeo pamoja mbele ya simu, vaeni vizuri kama mnakwenda kwa wakwe, maana ndiko mnakokwenda.

Maneno yenyewe yasiwe mengi. Mimi ningesema hivi: “Mzee mwenzetu, hatujasahau wema wako. Picha ya harusi yetu tunaomba uitoe, hatukupiga picha ile kwa ajili ya siasa. Mjukuu wetu aliuliza yeye na mama yake watarudishwa lini, na tunataka jibu alisikie kwako mwenyewe. Kaa na binti yetu mzungumze. Mkielewana, Marangu ni kwenu. Msipoelewana, Krismasi hii tutakuwa na mtoto wetu.”

Basi. Usimwombe ahame chama. Hatahama kwa simu ya kutoka Kimara, na akikuahidi kwamba amehama usimwamini. Atakwambia mmedanganywa na magazeti, atakwambia anawapenda, atataja zile fedha za upasuaji pengine. Msibishane. Akianza takwimu za wakimbizi, mwambie hayo hamyajui na hamkupiga simu kwa ajili hiyo. Wewe si mchambuzi wa siasa za Ujerumani, wewe ni bibi wa mtoto aliyeuliza swali kwenye gari. Rudi kwenye swali la mtoto kila anapokukimbia.

Oma umemtaja kwa jina tu, alichosema au alichofikiri hukukiandika hata mara moja, nimeliona hilo. Mwombe mkalimani umsalimie peke yake, hata dakika tano. Wapo wanawake wanaokaa kimya mezani miaka mingi, kisha wakipigiwa simu na mwanamke mwenzao, picha inatoka Facebook kabla ya chakula cha jioni.

Opa akikataa, tiketi ni yake na nchi ni kubwa. Ana Zanzibar, ana mbuga, ana hoteli za kutosha hapa mjini. Mumeo akitaka kwenda kumsalimia hotelini kwa kikombe cha chai, aende, yule ni mkwe wake na alimsaidia akiwa kitandani. Ila simu zibaki mfukoni. Marangu awe binti na mtoto. Kama hilo linakuuma, na najua litakuuma, kumbuka kwamba Opa ana njia rahisi sana ya kulizuia.

Sasa mtu ninayemwona amekaa kivulini muda wote ni mkwe wako mwenyewe, mume wa binti. Ni baba yake, ni lugha yake, ni nchi yake, lakini aliyetumwa vitani ni mke. “Baba hakuwamaanisha ninyi” ni sentensi ya mtu anayetaka jioni iishe salama. Mpigie na yeye. Umuulize alimjibu nini mwanawe siku ile kwenye gari. Kama hakujibu kitu, mwambie kwamba kazi ya kumkabili baba yake inamwangukia yeye kwanza, mke afuate akitaka. Na wasijifiche peke yao. Sachsen kuna Antidiskriminierungsbüro, ofisi ya ushauri kwa waliobaguliwa, ambayo ipo Dresden, Leipzig na Chemnitz. Pia yapo mashirika ya Mobile Beratung, ambayo hushauri watu waliokwama na siasa hizi kazini, mtaani na hata ndani ya familia. Wameshasikia meza nyingi za namna hiyo.

Nimebakiza mdogo wako wa Kariakoo. Huyu nilitaka nimwache, lakini kicheko cha grupu kimenikaa vibaya. Ni kweli Julai 2025 serikali yetu iliwapiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo ufundi simu na uwakala wa fedha kwa simu. Unaweza kuiunga mkono amri hiyo au kuipinga, lakini inahusu leseni na uraia. Anachokitetea yeye kimeshapita leseni. Tena tuseme ukweli, hata stori za dukani Kariakoo huwa haziishii kwenye leseni. Zikinoga zinafika “hawa wote warudi kwao”, na Mhindi aliyezaliwa Upanga, mama yake kazaliwa Upanga, anatupwa kwenye kapu hilo hilo. Ubishi huu tuliumaliza zamani. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa weusi peke yao. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alikataa katakata, akaufananisha mtazamo huo na wa Hitler, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuukubali. Baadaye Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, akashika Wizara ya Fedha. Mjomba mtu achague anasimama na nani, na akishachagua ampigie mpwa wake simu. Ujumbe wa grupu hautoshi.

Kwenye grupu hilo andika wewe, usimwachie mumeo. Mstari mmoja tu: mwanangu ameumizwa na nimemwelewa, mwenye hoja anipigie mimi. Na wale waliobonyeza moyo kwenye picha ya Opa waambie wakauondoe, ni kazi ya sekunde.

Ila yote haya yana mtu wa kuyaanza, naye ni binti yako. Kabla ya mchungaji, kabla ya Goethe, kabla ya kumwita mumeo mezani, mpigie yeye. Mwambie sasa umeelewa alichomaanisha kwa “mmetumika”. Kisha mweleze simu unayotaka kumpigia Opa, neno kwa neno, na umuulize kama yuko tayari. Ukishakata simu, wewe utabaki Kimara. Atakayekutana na Opa dukani Jumamosi ni yeye. Akisema neno fulani litoke, litoe. Akisema subiri mpaka azungumze na mumewe, subiri. Akisema Desemba hii hataki kabisa, hata Opa akiomba radhi, basi ni hivyo, mwaka ujao upo.

Na kama tiketi yake na ya mtoto bado, mwambie akate sasa hivi, moja kwa moja hadi KIA. Ndege za Desemba za kwenda kwenu unazijua.